Migomba Minne ya Suneka

Nilifika Kisii siku ya nne, juu ya godoro la watu wengine, nyuma ya lori lililobeba kabati, cherehani, mitungi na kuku wawili waliokwisha kukata tamaa. Kazi yangu ilikuwa utingo. Mwenye mizigo alikuwa Odhiambo, fundi wa friji aliyepata kazi Kisii mjini. Alikuwa na mkewe Achieng' na watoto wao wawili, na tulikuwa tumetoka nao Mombasa.

Kabla hatujauacha mji, Achieng' aliomba tusimame kwenye makaburi ya umma yaliyo kando ya barabara. Aliingia peke yake, akakaa kama dakika kumi, hadi dereva akapiga honi. Aliporudi hakuna aliyemuuliza neno. Mimi nilidhani amekwenda haja. Nawaomba mkumbuke hilo, kwa maana mimi nililisahau kwa miaka mingi.

Tulipopita Voi nilivitazama vilima vya kwetu Taita upande wa kushoto, wala sikushuka. Narok lori liliharibika gia, tukalala hapo siku mbili tukila mahindi ya kuchoma. Siku ya nne saa tisa alasiri tuliingia Kisii, na mvua ikaingia pamoja nasi. Odhiambo alikuwa amekwisha kulipia nyumba kupitia kwa ajenti aliyemfahamu kwa sauti ya simu tu. Tulibisha mlango. Akafungua mwanamume aliyejifunga taulo, na nyuma yake tukaona familia nzima inakula ugali. Nao walikuwa wamelipia nyumba ile ile, kwa ajenti mwingine. Simu ya ajenti wetu ilikuwa imezimwa, na bado imezimwa hadi leo.

Dereva alitaka kushusha mizigo barabarani arudi zake. Nilimwambia anipe saa mbili. Nilitembea matope yote ya upande ule wa mji nikiuliza kila mama aliyekuwa na debe la maji, kwa sababu anayechota maji anajua nyumba gani haichoti. Kabla giza halijaingia nilikuwa nimepata vyumba viwili nyuma ya duka la mbao. Mwenye vyumba hivyo aliniuliza, "Wewe unafanya kazi na ajenti gani?" Nikasema sina ajenti, mimi ni utingo. Akacheka, akasema, "Basi nenda kwa Kemunto kesho. Umempokonya mteja."

Hivyo ndivyo nilivyoingia katika kazi hii. Lori lilirudi Mombasa bila mimi.

Ofisi ya Madam Kemunto ilikuwa ghorofani juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Ilikuwa na meza moja, viti vitatu, na ubao wa misumari uliojaa funguo. Alikuwa mwalimu kabla ya kuwa ajenti, na sidhani alijua tofauti ya kazi hizo mbili. Siku ya kwanza alinitazama miguuni.

"Hivyo ni viatu vya kwenda wapi?"

"Vya kazi, Madam."

"Vya kazi ya kanisani. Nunua gambuti. Na kuanzia leo hutaonyesha mtu nyumba asubuhi jua likiwaka. Mpeleke mvua ikinyesha. Paa likivuja, livuje mbele yake, lisingoje ahamie."

Ninyi vijana mnaopiga picha nyumba saa nne asubuhi, anga likiwa buluu, nawaona. Kisii hunyesha karibu kila alasiri. Anayeuza nyumba ya asubuhi tu ana jambo analolificha la jioni.

Vifaa vyangu vilikuwa vinne: gambuti, daftari, tepu ya mita hamsini na kifurushi cha vigingi. Lugha sikuwa nayo. Mwezi wa kwanza nilishangaa kusikia watoto wakimwita mama yao "baba", nikadhani ni familia yenye matatizo, mpaka Madam aliponieleza kwamba kwa Ekegusii ndivyo mama anavyoitwa. Wao nao waliniita Mpwani. Niliwaambia kwetu ni milimani, hata bahari hatuioni. Hawakujali. Kwao kila mtu anayesema "ninyi nyote" badala ya "nyinyi wote" ametoka majini.

Kalenda ya kazi pia nilifundishwa. Jumamosi nusu ya wateja, wale Wasabato, wako kanisani, Jumapili nusu ile nyingine. Siku za kuchuma majani chai huko Nyamira huwezi kumpata mwenye shamba hata ukimpelekea mnunuzi mlangoni. Na kitu kikubwa kuliko vyote, Madam alinifundisha swali la kwanza. Alisema ajenti anayefika bomani akauliza "ekari ngapi?" ni mpimaji. Anayeuliza "bei gani?" ni mchuuzi. "Sisi tunauliza nani amezikwa hapa. Ukishajua hilo, mengine yako kwenye karatasi."

Huku kwa Wakisii watu huzikwa nyumbani. Kaburi la mzee utaliona, lina saruji na msalaba. Madam alikuwa anaogopa yale yasiyoonekana. Niliuliza swali hilo miaka mingi, Marani, Birongo, Keroka, mpaka likawa kama salamu. Kosa langu lilianzia hapo. Salamu mtu huitoa na kuijibu bila kusikiliza.

Watu waliniuliza sana, na bado wananiuliza, wachagueje ajenti. Desturi ya huku ni kuwapa maajenti watano nyumba moja, eti atakayewahi. Kinachotokea ni kwamba wote watano hukimbia na hakuna anayetazama. Mimi husema: chagua mmoja, na kabla hujamchagua mwambie akupeleke kwa familia aliyoiuzia nyumba mwaka uliopita. Akikupeleka na wakamkaribisha chai, huyo ni wako. Akisema hao wamesafiri, nawe safiri.

Baadaye ng'ambo ya barabara ilifunguliwa ofisi ya vioo. Walikuwa na viyoyozi, katika mji ambao watu huvaa sweta. Walikuwa na picha za kupigwa kutoka angani na kijana mwenye tai aliyeitwa Justus, mchangamfu, ambaye hakunikosea lolote ila kupata wateja wangu. Madam alikuwa amezeeka, magoti yanauma, ngazi anazipanda kwa vituo. Misumari ya funguo ikaanza kubaki mitupu. Nilianza kuwa na wasiwasi ambao haukunitoka tena. Nilikuwa nikiamka nahesabu misumari kichwani.

Wakati huo ndipo Mama Nyaboke wa Suneka alipotuita. Alikuwa muuguzi mstaafu, mjane, na nyumba yake ilikuwa ya matofali, yenye veranda, na migomba minne mahali pamoja nyuma ya jiko. Yeye na marehemu mumewe walikuwa wameinunua ploti ile wenyewe. Mumewe alizikwa Marani kwenye ardhi ya ukoo, na sasa mashemeji walikuwa wameanza kulima mpaka mlangoni mwa nyumba ya huko. Asiporudi kukaa Marani, watoto wake wangekosa mahali. Ili arudi ilimbidi auze Suneka. Alimwita Justus siku moja nami siku hiyo hiyo, mmoja saa nane, mmoja saa tisa. Akatutembeza uani bila kusema mengi.

Nilimuuliza swali letu. "Na kaburi, mama?"

"Mzee yuko Marani," akasema.

Nikaandika: hakuna. Nikatoa tepu, nikapima. Kona ya nyuma ya jiko, kwenye migomba, nilichomeka kigingi nikakigonga kwa jiwe mara tatu. Mama Nyaboke alikuwa amesimama hatua chache kutoka pale. Akasema kwa sauti ndogo, "Kitoe hicho."

"Ni cha kupimia tu, mama, nitakitoa nikimaliza."

"Kitoe sasa."

Nilikitoa. Nikajiambia ni mzee tu anayependa ndizi zake. Lakini njia nzima kurudi mjini kigingi kile sikukirudisha kwenye kifurushi.

Madam alinisikiliza, kisha akavua miwani. "Uliuliza nani amezikwa?"

"Alisema mumewe yuko Marani."

"Hukuuliza habari ya mumewe. Mpwani, miaka yote hii, bado unasikia jibu unalolitaka?"

Siku iliyofuata alishuka ngazi zile mwenyewe, akapanda pikipiki kwa upande kama mabibi wa zamani, tukaenda. Mama Nyaboke alituwekea viti verandani. Madam hakugusa habari ya nyumba. Waliongea Ekegusii kwa muda mrefu, habari za magoti, habari za wajukuu. Kisha Madam akauliza kwa Kiswahili, nadhani ili nami nisikie, "Omong'ina, chini ya ile migomba ni nani?" Omong'ina ndivyo mama mtu mzima anavyoitwa kwa heshima.

Mama Nyaboke alikunja kitambaa mapajani mwake mara mbili.

"Kwamboka. Alikuwa na miezi minne. Mzee wangu na baba yake walikuwa hawasemezani wakati huo, kwa hiyo hatukumpeleka Marani. Tulimlaza hapo. Kwa mtoto mdogo hivyo hatukujenga saruji. Mzee alipanda migomba ili nisiwe napaona tupu." Akanigeukia. "Yule wa tai alisema migomba ifyekwe, inaharibu picha. Wewe ulimchoma kigingi. Haya, niambieni, nichague nani kati yenu?"

Madam alisogeza kiti chake karibu na cha Mama Nyaboke.

Hatimaye Mama Nyaboke alisema atatuachia nyumba kwa majuma manne. Hakuweka sharti la bei. Alitaka mnunuzi ajue, na akijua, asimguse mtoto. Kumhamisha hakutaka. "Aliihama dunia mara moja, inatosha," alisema.

Sasa mtaniuliza mnunuzi alikuwa nani. Ni Odhiambo. Yule yule wa lori. Alikuwa bado mpangaji, amehama mara sita, na watoto wale wa siku zile walikuwa wamekwisha kuwa wakubwa. Aliniambia, "Omera, ndugu yangu, safari hii siendi kwa mtu wa simu. Nakuja kwako." Niliwapeleka Suneka mvua ikinyesha, kama nilivyofunzwa. Paa halikuvuja. Achieng' alisimama kwenye chumba cha mashariki akasema, "Cherehani itakaa hapa," akaonyesha kwa kidole, kama kwamba cherehani tayari iko njiani.

Nilipaswa kumwambia dakika ile. Nawaambia wazi ninyi mnaofuata: neno gumu lisemwe mtu akiwa bado amesimama mlangoni, kabla hajachagua pa kuweka cherehani. Sikusema. Misumari mitupu ilikuwa kichwani mwangu. Pia niliogopa kwamba nikisema, familia niliyoileta mjini kwenye nyumba iliyokaliwa itarudi tena kwenye vyumba vya kupanga kwa sababu yangu. Niliwapeleka mara ya pili. Achieng' alipima madirisha ya mapazia. Majuma mawili yalipita hivyo.

Mwishowe niliwaeleza, nyumbani kwao, chai ikiwa mezani. Odhiambo aliweka kikombe chini.

"Ulijua lini?"

"Majuma mawili."

"Majuma mawili! Mwanamke huyu amekwisha kununua kitambaa!" Akasimama, akakaa tena. "Kwetu mtu hajengi maisha yake juu ya kaburi la watu wengine. Unalijua hilo. Umekula kwangu miaka yote hii, halafu unanifanyia kama yule wa simu?"

"Yule wa simu hangekuja kukuambia."

"Usinichekeshe. Sicheki."

Achieng' alichukua vikombe, hata kile changu ambacho sikuwa nimemaliza.

Majuma manne yaliisha. Mama Nyaboke alinipigia simu, sauti yake kama ya muuguzi anayetoa majibu ya damu. Mashemeji walikuwa wamepanda mahindi hadi dirishani Marani, hawezi kungoja. Justus alikuwa na mnunuzi wa kujenga nyumba za kupangisha, ghorofa tatu, na huyo hakuuliza swali lolote. Angetia sahihi Ijumaa.

"Na Kwamboka, mama?"

"Kwamboka ana mama mmoja na ndugu watatu. Nimejaribu kujigawa nimeshindwa." Akakata simu.

Ghorofa tatu maana yake ni msingi, na msingi maana yake ni mtaro. Siku tatu zilizobaki kabla ya Ijumaa sikukaa kwenye kiti. Madam aliniambia nisiende kumshawishi Mama Nyaboke, kwamba aliyechagua amechagua. Nilipanga funguo kwa urefu, nikazipanga tena kwa rangi.

Ijumaa asubuhi, kabla sijafungua dirisha, Achieng' alikuwa mlangoni na mwavuli.

"Shemeji, nipeleke Suneka."

"Odhiambo anajua?"

"Atajua nikirudi. Twende, si ulimwambia Odhiambo sahihi ni leo?"

Tulimkuta Mama Nyaboke amevaa nguo ya kutokea, mkoba mkononi, anamngoja Justus. Achieng' hakungoja kukaribishwa. Alizunguka nyuma ya jiko, akasimama mbele ya migomba, nasi tukamfuata.

"Ni huyu?"

"Ni huyu."

"Kichwa kiko upande gani?"

Mama Nyaboke alionyesha. Achieng' akasogea hatua moja asikanyage. Kisha akasema, bila kututazama, "Mimi wangu yuko Mombasa. Makaburi ya umma. Otieno, mwaka mmoja na nusu. Mpangaji hana pa kuzika, mama. Tulipohama nilipita kumuaga, dereva akapiga honi. Nilisikia watu wakisema pale pamejaa. Sijui kama bado yuko yeye, au juu yake sasa yuko mtoto wa mtu mwingine." Akaokota jani kavu la mgomba. "Kama yuko mwingine, natamani mamake awe ananifagilia."

Honi ya lori ile ilinirudia masikioni. Nilikuwa nimekaa juu ya godoro lao, nikidhani amekwenda haja.

Mama Nyaboke aliweka mkoba chini, akaketi kwenye majani mabichi na nguo yake ile ya kutokea. "Mume wako je?"

"Mume wangu ni maneno mengi. Kitambaa cha mapazia kimekwisha kukatwa."

Justus alifika na tai yake, akatukuta tunakunywa uji. Nitampa haki yake: alipoambiwa yote alilegeza tai, akasema, "Mama, mbona hukuniambia siku ile?" Mama Nyaboke akamjibu, "Mbona hukuniuliza?" Kijana akaitazama ile migomba muda mrefu. Nasikia siku hizi huuliza.

Odhiambo hakukubali siku hiyo, wala juma hilo. Alikwenda Suneka peke yake mara mbili, akadhani sijui. Alimuuliza mchungaji wake, akamuuliza mjomba wake kwa simu, na kila mmoja alimwambia tofauti. Nilikuwa sina hakika hadi siku ya bodi ya ardhi, maana shamba halihami mikono bodi isiporidhia. Watu wale hukaa mezani, huwaita muuzaji na watoto wake, huuliza kama wote wamekubali. Mzee mmoja wa bodi aliuliza kama kuna kaburi. Mbele ya chumba kizima Mama Nyaboke akasema, "Liko moja. Anaitwa Kwamboka." Nilikuwa sijawahi kulisikia jina hilo likitamkwa kwa sauti kubwa. Mzee akamgeukia Odhiambo, "Unajua?" Nikashika ukingo wa benchi.

"Najua," Odhiambo akasema. "Mke wangu amenipa masharti zaidi ya bodi hii."

Watu wakacheka. Wakili aliandika kwenye makubaliano kwamba migomba ile na hatua tatu kuizunguka haitachimbwa wala kujengwa, na kwamba mama wa mtoto ana ruhusa ya kuja wakati wowote. Aliniambia hajawahi kuandika kifungu cha migomba. Nikamwambia aandike vizuri.

Mngedhani baada ya hapo nilitulia. La. Kila boma nililoingia nilizunguka uani mara mbili kabla ya kutandaza tepu. Nilirudia kichwani nyumba zote za miaka ya nyuma, zile nilizoandika "hakuna", na sikuweza kujua ni wangapi niliowachoma. Madam alifunga ofisi mwaka huo, ngazi zilimshinda. Akanipa ubao wa funguo, nikamrudishia.

Kisha mdogo wangu akanipigia kutoka Taita. Ajenti amekuja kupima shamba la baba, bei ni nzuri. Nikamuuliza, "Aliuliza nini kwanza?"

"Ekari ngapi."

Nina dada aliyekufa kabla mdogo wangu hajazaliwa. Amelala chini ya mparachichi, na tangu mama afariki, mtu pekee anayejua upande wa kichwa ni mimi. Nilikuwa nimetangatanga miaka yote hii nikiwauliza watu swali ambalo kwetu hakuna aliyebaki wa kulijibu ila mimi. Nilifunga begi siku hiyo hiyo.

Asubuhi ya kuondoka nilipitia Suneka, ingawa ni njia ya upande mwingine. Achieng' alikuwa anafagia uani. Alifika kwenye migomba, akainua ufagio, akazunguka hatua tatu, akaendelea upande wa pili bila kukatiza maneno yake. Alikuwa akinilaumu kwa kutokula asubuhi. Dirisha la chumba cha mashariki lilikuwa na mapazia.

Nilipomuaga aliingia ndani, akarudi na karatasi iliyokunjwa. Alikuwa amechora mwenyewe kwa kalamu ya kupimia nguo: lango, mwarobaini, mstari wa saba, karibu na ukuta.

"Ukimaliza ya kwenu," akasema, "teremka mpaka Mombasa unitazamie Otieno. Yoyote utakayoyakuta, niambie siku hiyo hiyo. Usikae nayo majuma mawili."

Tepu niliiacha kwake. Karatasi niliitia katika mfuko wa shati, nikaufunga kifungo, na hadi nafika stendi ya Kisii nilikuwa nimekwisha kuugusa mara nne.